Padri Vincent Lebbe, Mgeni Aliyeomba Jembe

Wazee wetu wametuachia mithali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Maana yake yajulikana na watu wote. Mgeni hupokelewa kwa furaha, hupewa kiti, maji na chakula. Lakini akikawia, njia zilizo mbele yake ni mbili tu: ama arudi kwao, ama ashike jembe, alime pamoja na wenyeji, ale matunda ya jasho lake, na matanga ya kijiji yawe matanga yake. Mtu akaaye miaka mingi katika kijiji, naye akitaka atumikiwe kila siku kama aliyefika jana, huyo si mgeni tena, bali ni mzigo.

Leo twataka kuwasimulia maisha ya padri mmoja aliyeomba jembe kwa hiari yake. Jina lake ni Vincent Lebbe. Alizaliwa Ubelgiji, akaenda Uchina akiwa kijana wa miaka 23, na alipokufa huko mwaka 1940 alikuwa raia wa Uchina. Ninyi wakatekumeni mnaojitayarisha kwa ubatizo, sikilizeni vema habari zake, kwa kuwa njia yake na njia yenu zafanana katika jambo kubwa.

UTOTO NA WITO

Vincent Lebbe alizaliwa katika mji wa Gent, tarehe 19 Agosti 1877. Baba yake alikuwa mwanasheria, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya sala. Wazazi wake walimwita Frédéric. Jina la Vincent alilichukua baadaye kwa kumheshimu Mtakatifu Vincent de Paul, baba wa maskini.

Alipokuwa bado mtoto, alisoma maisha ya Jean-Gabriel Perboyre, padri Mfaransa aliyeuawa Uchina kwa ajili ya imani mwaka 1840, ambaye Eklezia imemtangaza kuwa Mtakatifu. Habari hizo ziliwasha moto moyoni mwake. Akaanza kusema ya kwamba yeye naye atakuwa padri wa shirika lile lile, na ataishi na kufa Uchina. Watoto wengi husema maneno makubwa, kisha huyasahau wakienda kucheza. Yeye hakuyasahau. Mwaka 1895 aliingia Shirika la Misioni mjini Paris. Afya yake haikuwa nzuri, na watu waliweza kudhani kwamba mwili ule hautavumilia nchi ya mbali. Lakini baada ya vita vya mwaka 1900 askofu wa Beijing, jina lake Favier, alikuja Ulaya kutafuta wasaidizi, akamchukua kijana yule. Mwezi wa Februari 1901 Vincent alipanda meli mjini Marseille, na tarehe 28 Oktoba mwaka ule ule alipewa daraja takatifu ya upadri huko Beijing.

HALI ALIYOIKUTA

Uchina ni nchi kubwa mno, yenye elimu na desturi za miaka elfu kadhaa. Lakini siku zile ilikuwa nchi iliyoaibishwa. Mwaka 1900 Wachina wengi walikuwa wameinuka kuwafukuza wageni, wakawaua wamisionari na maelfu ya wakristo Wachina pia. Ndipo majeshi ya mataifa manane yalipokuja, yakaushinda mji wa Beijing na kuuteka nyara. Katika miji mingi wageni walijikatia mitaa yao wenyewe, wakaitawala kwa sheria zao na askari wao. Mzungu akikosa, hakuhukumiwa na hakimu wa Uchina, bali na konsuli wa nchi yake, yaani mjumbe wa serikali yake.

Eklezia nayo ilishikwa katika kamba hizo. Kwa mikataba ya miaka ya 1858 na 1860, Ufaransa ilijipatia haki ya kuwalinda wamisionari wakatoliki. Misioni ikipatwa na shida, konsuli wa Ufaransa alisimama mbele ya wakubwa wa Uchina kuitetea. Wamisionari wengi waliona ya kuwa ulinzi huo ni neema, kwani walikuwa wamewazika ndugu zao juzi tu. Lakini Wachina waliona namna nyingine. Walisema kwamba dini hii ni dini ya wageni wenye mizinga, na kwamba kila Mchina anayebatizwa amepungua katika hesabu ya Wachina.

Ndani ya misioni pia kulikuwa na desturi za kuhuzunisha. Padri Mchina, hata mzee mwenye mvi, aliwekwa chini ya mzungu kijana aliyefika mwaka ule. Wakristo walipiga magoti mbele ya padri mzungu kumsalimu. Tena kwa muda wa miaka zaidi ya 200 hapakuwa na askofu Mchina hata mmoja. Wa kwanza, Luo Wenzao, aliwekwa mwaka 1685, na baada ya kufa kwake hakufuata mwingine.

Padri Lebbe aliyatazama mambo hayo, akahuzunika. Hakuja Uchina ili awafanye Wachina kuwa Wazungu. Alikuja ili Kristo azaliwe kwao, kama alivyozaliwa Bethlehemu katika taifa moja, katika ukoo mmoja, akasema lugha ya mama yake.

KUSHIKA JEMBE KILA SIKU

Alifanya nini basi? Hakuanza kwa kugombana na watu. Alianza na mambo madogo ya kila siku.

Kwanza, lugha. Katika Kichina, kama katika lugha nyingi za kwetu Kongo, sauti ikipanda au ikishuka, neno hubadili maana yake. Anayekosea sauti huchekesha watu wazima na watoto. Padri Lebbe alikubali kuchekwa. Wazungu wengi walioweza kuongea kidogo walijiona wamemaliza kazi, wasijifunze kusoma. Sababu ilikuwapo: maandiko ya Wachina hayana herufi kama zetu, kila neno lina alama yake, na mtu hana budi kujua maelfu ya alama apate kusoma vizuri. Yeye alikaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza, akashika kalamu ya manyoya, akaandika alama mojamoja siku kwa siku, hata wenye elimu wakapenda kusoma barua zake na kusikia hotuba zake.

Pili, mavazi na chakula. Alivaa kanzu ya Kichina na viatu vya nguo. Alibeba suka refu la nywele mgongoni, kama sheria ya mfalme ilivyowaagiza wanaume wa siku zile. Alikula kwa vijiti chakula cha watu wa kawaida. Pia alichukua jina la Kichina, Lei Mingyuan, maana yake ngurumo isikikayo mbali. Kweli, jina lilimfaa, kama tutakavyoona.

Tatu, adabu. Hili ndilo lililo kubwa. Mtu aweza kuvaa nguo za wenyeji na moyo wake ukabaki kwenye kiti cha enzi. Padri Lebbe alijifunza kusalimu kama Wachina wanavyosalimu, kumpisha mzee, kumtembelea mgonjwa na mfiwa, kupokea wageni kwa taratibu zao. Mapadri Wachina aliwaheshimu kama ndugu na kama wakubwa wake kwa umri. Wakristo hakutaka wampigie magoti.

Mambo hayo yalidumu miaka, wala hakuna aliyempa hati kwa ajili yake. Mtu akibadili nguo, watu huona siku ile ile. Akibadili moyo, huonekana polepole, kama muhogo unaonenepa chini ya udongo.

MJI WA TIANJIN

Mwaka 1906 alipelekwa Tianjin, mji mkubwa wa biashara karibu na bahari. Hapo mataifa manane yalikuwa na mitaa yao, na Ubelgiji ulikuwa mmojawapo. Hivyo Padri Lebbe aliweza kuiona bendera ya nchi yake ikipepea juu ya udongo wa watu wengine. Angeweza kukaa kwa raha kati ya wenzake. Yeye alikwenda kwa Wachina. Alifungua nyumba za mikutano ambamo kila mtu, mkristo na asiye mkristo, aliweza kuingia na kusikiliza hotuba juu ya dini, juu ya wema, juu ya kuipenda nchi. Alisema wazi ya kwamba mkristo Mchina hana budi kuipenda Uchina kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kupenda nchi ya wazazi ni sehemu ya amri ya nne ya Mungu. Watu walishangaa kusikia neno hilo kinywani mwa mgeni.

Aliwakusanya pia waumini, wafanyabiashara, walimu na mafundi, wakashika kazi ya kueneza Injili pamoja na mapadri. Mwaka 1915 lilianza kutoka gazeti la kila siku aliloanzisha pamoja nao, jina lake Yishibao. Gazeti hilo likawa mojawapo ya magazeti makubwa ya Uchina ya kaskazini. Hata wasio wakristo walilinunua, kwani lilisema kweli bila kuogopa.

JARIBU LA MWAKA 1916

Mwaka 1916 ngurumo ikasikika. Kando ya mtaa wa Wafaransa kulikuwa na sehemu iitwayo Laoxikai, na hapo misioni ilikuwa ikijenga kanisa kuu. Konsuli wa Ufaransa alitaka kuiunganisha sehemu ile na mtaa wake. Mwezi wa Oktoba aliitwaa kwa nguvu, na polisi Wachina waliokuwa wakiilinda wakakamatwa. Mji wote ukachafuka. Watu walikusanyika kwa maelfu, wafanyakazi wa Wafaransa wakaacha kazi, na gazeti la Yishibao likaandika ya kwamba haki ni ya Uchina.

Tafakarini, wasomaji, shida ya padri huyu. Upande mmoja walisimama konsuli, Wazungu wenzake, na hata wakubwa wake, ambao walimwamuru yeye na wenzake wanyamaze. Upande wa pili walisimama watu ambao aliwaahidia kwamba ni ndugu zake. Wakati huo Ubelgiji na Ufaransa zilikuwa pamoja katika vita vikuu vya Ulaya. Wazungu wengi walimwona kuwa msaliti. Naye aliona kwamba, akinyamaza, Wachina watajua ya kuwa kanzu yake na suka lake vilikuwa nguo za mchezo tu. Aliwaandikia wakubwa wake kwa heshima, akawaambia ya kwamba hawezi kuita haki jambo lisilo haki.

Basi wakamwondoa Tianjin. Kisha, mwaka 1917, wakampeleka mbali kusini, katika nchi ya Ningbo, ambako watu hunena Kichina kwa namna nyingine kabisa. Yeye aliyekuwa mnenaji mashuhuri akawa tena kama mtoto asiyejua kusema. Je, aliasi? La. Je, aliwachochea wakristo wake waiache Eklezia? La, hata kidogo. Alitii, akafunga mzigo wake, akaenda, akaanza upya kujifunza. Lakini kutii si kuficha kweli. Kutoka huko alimwandikia Askofu wa Ningbo barua ndefu, akamweleza ya kwamba Eklezia haitatia mizizi Uchina mpaka ipate maaskofu Wachina. Rafiki yake, Padri Antoine Cotta, aliyezaliwa Misri, aliandika mambo hayo hayo Roma.

BABA MTAKATIFU ASIKIA

Tarehe 30 Novemba 1919 Baba Mtakatifu Benedikto XV alitoa barua juu ya misioni, iitwayo Maximum illud. Katika barua hiyo aliwafundisha wamisionari kwamba hawakutumwa kutafuta faida ya nchi zao za duniani, bali faida ya ufalme wa Mungu, na kwamba mapadri wenyeji hawakuwekwa wawe watumishi wa wageni milele, bali walelewe vema ili siku moja wawaongoze watu wao wenyewe.

Mwaka 1920 Padri Lebbe alirudishwa Ulaya. Kwa mtu aliyeahidi kufia Uchina, hilo lilikuwa kama kung'olewa na mizizi. Lakini Mungu hutumia hata kufukuzwa kwetu. Huko Roma alipokelewa na Kardinali van Rossum, mkubwa wa kazi za misioni, na alimwona Baba Mtakatifu mwenyewe. Aliwaeleza ya kwamba wako mapadri Wachina wenye hekima na utakatifu wanaostahili kuwa maaskofu. Kisha, kwa miaka kadhaa, aliwahangaikia vijana Wachina waliokuja kusoma Ufaransa na Ubelgiji. Wengi walikuwa maskini, wenye baridi na upweke. Aliwatafutia malazi, fedha za shule na marafiki. Wao walipokuwa wageni kwao, yeye alikuwa mwenyeji wao. Nao wakiongea naye Kichina, walisahau kwamba hakuzaliwa Uchina.

Tarehe 28 Oktoba 1926, katika kanisa la Mtakatifu Petro, Baba Mtakatifu Pius XI aliwaweka wakfu maaskofu sita Wachina kwa mikono yake mwenyewe. Siku hiyo ilitimiza miaka 25 kamili tangu Padri Lebbe alipopewa upadri.

Matunda ya siku ile yalifika hata kwetu Afrika. Mwaka 1939 Padri Joseph Kiwanuka wa Uganda aliwekwa kuwa askofu, na mwaka 1956 Padri Pierre Kimbondo akawa askofu wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Mlango uliofunguliwa kwa taifa moja haukufungwa tena mbele ya mataifa mengine.

HATI YA URAIA

Mwaka 1927 Padri Lebbe alirudi Uchina. Hakurudi Tianjin kwenye sifa zake. Alijiweka chini ya mmoja wa maaskofu wale sita, Askofu Sun Dezhen, katika jimbo la Anguo, jimbo la wakulima maskini. Padri mzungu akamtii askofu Mchina, akapokea kwake kazi na ruhusa kama padri mwingine yeyote. Kisha, muda si mrefu baada ya kurudi, aliomba kwa serikali apokelewe kuwa raia wa Uchina, naye akakubaliwa.

Tusipite haraka hapa. Uraia huo ulikuwa na bei. Raia wa Ulaya alikuwa na konsuli wa kumtetea. Raia wa Uchina hakuwa na konsuli. Raia wa Ulaya hakuhukumiwa na hakimu wa Uchina. Raia wa Uchina alihukumiwa. Nchi ikipatwa na njaa au vita, Mzungu aliweza kuitwa na serikali yake, akapanda meli na kwenda kwao. Kwa kuomba hati ile, Padri Lebbe aliiweka chini ngao aliyozaliwa nayo. Tangu siku hiyo yatakayowapata majirani zake yatampata yeye pia. Hilo ndilo jembe. Tena angalieni mpango wa mambo: hakupewa hati kwanza, kisha akajifunza kuwa Mchina. Alikuwa amekwisha kulima miaka mingi. Hati ilikuja kulitaja shamba lililokwisha kuota.

Labda mmoja wenu atauliza: Je, wazee hawasemi pia ya kwamba mkataa kwao ni mtumwa? Naam, wasema hivyo, na ni kweli. Lakini Padri Lebbe hakukataa kwao. Wazazi na ndugu zake aliwapenda na kuwaandikia barua maisha yake yote. Hakuitukana Ubelgiji, wala hakuona haya kwa jina la baba yake. Binti akiolewa katika ukoo mwingine, je, amemkana mama yake? Huzaa watoto huko, hulima huko, huzikwa huko. Na bado mama yake ni mama. Katika Maandiko Matakatifu tunasoma habari za Ruthu Mmoabu, aliyemfuata mama mkwe wake mpaka Bethlehemu, akalichukua taifa lake kuwa taifa lake na Mungu wake kuwa Mungu wake. Naye akaokota masazo ya shayiri mashambani pamoja na maskini wa nchi ile. Katika uzao wake akatoka Daudi, na katika uzao wa Daudi akatoka Kristo.

NDUGU WADOGO

Mwaka 1928, katika jimbo la Anguo, alianzisha shirika la watawa Wachina, Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na baadaye la Masista Wadogo wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Watawa hao waliishi kama wakulima wa nchi ile: walilala mahali pagumu, walikula nafaka na mboga, walifanya kazi kwa mikono, na kwenda vijijini kufundisha dini. Aliwapa mambo matatu ya kushika: kujitoa kabisa, kupenda watu kweli, na kufurahi daima. Mwaka 1933 yeye mwenyewe aliweka nadhiri kati yao, akawa ndugu pamoja na ndugu.

VITA NA KIFO

Mwezi wa Julai 1937 vita vikubwa kati ya Ujapani na Uchina vilianza. Padri Lebbe alikuwa karibu na miaka 60. Hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angekaa nyuma kusali. Lakini raia hulipa deni la raia. Aliwakusanya Ndugu Wadogo na waumini, akawafanya kundi la kuchukua majeruhi. Walikwenda mpaka karibu na mapigano, wakawapandisha askari wenye jeraha juu ya machela, kama kile kipoyi tukijuacho sisi, na kuwachukua milimani mpaka walipoweza kupata dawa. Hawakuuliza kama majeruhi ni mkristo au si mkristo. Wasomaji wazee watakumbuka ya kuwa zamani, katika nchi nyingi, Mzungu alibebwa katika kipoyi mabegani mwa watu. Mzee huyu aliwabeba wengine.

Vita vilileta pia fitina kati ya Wachina wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1940 Wakomunisti walimkamata Padri Lebbe, wakamshika kwa muda wa zaidi ya mwezi mmoja. Alipoachiliwa, nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Alipelekwa Chongqing, mji uliokuwa makao ya serikali wakati ule wa vita, na huko alifariki tarehe 24 Juni 1940, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, msimamizi wa shirika lake. Alikuwa na miaka 62. Serikali ya Uchina ilitoa tangazo la kumsifu mbele ya taifa lote. Neno alilolisema akiwa mtoto, la kuishi na kufa Uchina, lilikuwa limetimia.

MAFUNDISHO KWETU

Wakatekumeni wapenzi, tumesema mwanzoni ya kwamba njia yake na njia yenu zafanana. Ninyi pia mnaomba kupokelewa katika taifa, yaani taifa la Mungu. Siku ya ubatizo jina lenu litaandikwa katika kitabu cha misioni. Ni kweli, hati ya serikali haiwezi kugeuza moyo wa mtu, lakini ubatizo humzaa mtu upya kwa neema ya Mungu. Hapo hakuna kufananisha. Hata hivyo, fikirini kwa nini Eklezia huwapa muda mrefu wa kujifunza. Si ili mkariri majibu kama kasuku. Ni ili mshike jembe sasa: kusamehe jirani leo, kuacha ulevi leo, kumlipa mtu deni lake leo, kusali asubuhi hii. Yeyote angojaye siku ya maji ndipo aanze kuishi kama mkristo, ni kama mgeni atakaye shamba bila kulima.

Na jambo la pili. Labda baba yako au mjomba wako akuambia kwamba, ukibatizwa, umetoka katika kabila, umekwenda kwa Wazungu. Usimjibu kwa hasira. Mwonyeshe kwa matendo. Fika kwenye matanga, saidia kujenga nyumba ya mjane, mheshimu mzee, lima shamba la mgonjwa. Padri Lebbe aliacha haki za Wazungu ili Wachina waone ya kwamba Kristo si mali ya Wazungu. Wewe huna haja ya kusafiri baharini kwa ajili hiyo. Kaa katika kijiji chako, na Kristo akae ndani yako. Basi watu wako watajua kwamba ubatizo haukuwapunguzia mtoto, bali umewaongezea ndugu.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista

1. Padri Lebbe alizaliwa wapi, na alikufia wapi?
2. Kwa nini Wachina wengi walidhani kwamba dini ni ya wageni?
3. Alijifunza mambo gani ya kila siku kabla ya kupewa uraia?
4. Alipoondolewa Tianjin alifanya nini? Twafundishwa nini kwa hilo?
5. Wewe binafsi, ni jembe gani unalopaswa kulishika juma hili?